Baba Yetu Mbili Kabla ya Kuzima

Kibondo, Jumapili jioni

Eliya mwanangu,

Yale ya "mimi mzima wa afya, hofu kwako wewe uliye mbali" siyaandiki. Bado hujaenda mbali. Uko chumba cha pili unapanga nguo, nakusikia unakohoa vumbi la begi la baba yako, na maharage yangu hayajaiva. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la Yusta. Kesho akililia daftari lake nitamjibu mwenyewe, wewe utakuwa umeshapanda basi la Kasulu.

Habari za kufua soksi na kula kwa wakati nazo sitaandika. Una miaka kumi na saba, na mwenye pua atajua soksi zikinuka. Mimi nilikuzaa nikiwa na umri huo huo, na hakuna aliyeniandikia hata mstari mmoja. Yote nimejifunza kwa kuanguka.

Ninaandika kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukila. Baba yako alikuwa ameinuka kwenda kunawa. Ukamwinamia mdogo wako ukasema, "Mimi nikirudi nitakuwa fundi wa kweli, siyo kama Baba Turbo aliyeua gari kwa ushamba." Yusta akacheka mpaka ugali ukampalia. Baba yako alikusikia, Eliya. Nilimtazama mgongo wake pale mlangoni. Alinawa mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Jina hilo la Baba Turbo najua limetoka wapi. Limetoka kwenye lile benchi nje ya duka la mafuta ya taa, kwa wanaume ambao hawajawahi kumiliki hata pampu ya baiskeli. Kutwa wanajadili magari ya watu. Hili lina nguvu, lile halina, dereva yule hajui gia. Mmoja wao aliwahi kupanda mbele mara moja tu, akatapika kabla ya Kakonko. Hao ndio waliokufundisha kumcheka baba yako. Hao, na yule unayekwenda kukaa kwake.

Sasa nisikilize. Gari lile sikuwahi kukusimulia lilivyokufa. Mwaka ule ulikuwa kwa bibi yako kule Nyabibuye unasoma, na uliporudi ulikuta limeshakuwa banda la kuku. Ukameza ulichoambiwa. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikokulea hivyo ulivyo.

Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipomiminika kutoka Burundi. Kambi zilifunguka, na barabara zetu ambazo zamani zilipita gari moja kwa siku zikajaa. Magari meupe ya mashirika yakawa yanatupita kama yanafukuzwa. Landirova yetu ilikuwa ya dizeli, kuukuu, baba yako aliinunua kwenye mnada wa misheni na kuifufua kwa mikono yake. Ilibeba watu na maharage, Kibondo na Kasulu, siku nyingine mpaka Munanila. Ilipanda vilima polepole, lakini ilifika. Hakuna siku tuliyolala njaa kwa sababu yake.

Mimi ndiye niliyeiona haitoshi. Siku moja nilikuwa nimekaa mbele, nimejipamba, tunapanda kilima kile cha udongo mwekundu kabla ya Kasulu. Likatupita lori la mahindi. Lori, Eliya, limejaa mpaka juu! Utingo wake akainama akapiga kelele, "Mama, gari yenu inapanda kama mjamzito! Mfikishe kliniki!" Abiria wetu wenyewe wakacheka. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo.

Nyumbani nikamwambia baba yako, "Mwanaume gani anayepitwa na lori la mahindi?"

Akasema, "Mwanaume anayefika."

Sikulielewa jibu lile. Nilimtazama kama unavyomtazama wewe sasa. Wiki nzima nikampikia kimya kimya, nikaweka sahani mezani kwa kishindo, mpaka akasema haya, tutafute hiyo nguvu unayoitaka.

Na waliotaka kutuuzia nguvu hawakukosekana. Kulikuwa na fundi Mkongo kambini, Papa Mado, aliyekuwa na pampu ya hewa ya kuzungushwa na mkanda wa injini. Aliitoa kwenye mashine fulani ya zamani. Alisema, "Mama, ile turbo ya moshi iko na lala mpaka injini ipige kelele. Hii yangu haiko na lala. Unakanyaga, inasukuma." Na ni kweli, ile ya mkanda husukuma tangu chini, hata gari likitambaa kwenye matope. Lakini mkanda unazungushwa na injini ile ile uliyokuja kuisaidia. Ni kama kumlipa mtu akubebee mzigo halafu wewe umbebe yeye. Nasema hivi leo. Siku ile sikujua chochote, niliikataa kwa sababu ilikuwa na kutu.

Halafu kulikuwa na Profesa. Huyo unamjua. Profesa wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza. Alikaa Dar es Salaam miezi minane akarudi na miwani ya jua na ovaroli lisilo na doa. Mtoto wangu, fundi ambaye ovaroli lake halina doa ni mshona nguo. Sisi tuliona usafi ule tukadhani ndio elimu. Alikuwa na turbo aliyoitoa kwenye lori kubwa lililopinduka, ameipaka rangi ya fedha, ameiweka kwenye meza juu ya kitambaa kama sanamu ya mtakatifu.

"Shemeji," akaniambia mimi, siyo baba yako, kwa kuwa alishajua nani wa kuuziwa, "hii kitu ni moto wa kuotea mbali. Inazungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi mnaoutupa bure! Magari ya wazungu yote yanayo hii."

Baba yako akauliza, "Si ni kubwa kwa injini yangu?"

"Kaka, kubwa ndiyo nguvu. Umeona wapi mtu akilalamika mkate ni mkubwa?"

Nikacheka. Baba yako hakucheka. Swali lake lilikuwa la mtu anayejua, na jibu alilopewa lilikuwa la mkate, na mke wake alicheka upande wa mkate. Turbo ya injini kubwa kwenye injini ndogo haipati moshi wa kutosha kuizungusha. Kwenye gia ya kwanza, matopeni, pale hasa unapoihitaji, inakaa tu. Inaamka ukiwa tambarare, unapotaka kumwonyesha jirani. Ndicho tulichonunua, nguvu ya kujionyesha. Tulimtoa Bihogo, ng'ombe wa bibi yako, kwa ajili hiyo.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakataa. Nimeinuka kwanza kukoroga maharage.

Fundi wa tatu alikuwa Mzee Baltazari. Alikuwa mkimbizi wa Burundi, alikuwa akitengeneza majembe na baiskeli pembeni ya soko, ingawa kwao alikuwa fundi wa magari kabla mimi sijazaliwa. Kandambili zake zilikuwa zimefungwa kwa waya. Baba yako alimpenda, alimpelekea gari mara kwa mara kulisikiliza tu. Mzee alishamwambia, "Gari hili halihitaji kusukumiwa hewa, linahitaji kuachwa lipumue. Safisha kichujio cha hewa, kimejaa vumbi. Nozeli mbili za dizeli zinakojoa badala ya kupuliza. Punguza magunia matatu. Litapanda." Ndiyo dawa yake yote. Kusafisha! Mimi nilipoambiwa hivyo nilimwuliza baba yako kama siku hizi tunapokea mafunzo kutoka kwa watu wanaofunga viatu kwa waya.

Juma lile turbo ilipofungwa, Mzee alikuja nyumbani. Baba yako hakuwapo. Nilikuwa nafua uani, sikumpa hata kigoda. Akasimama juani, kofia mkononi.

"Mama Eliya, nasikia mmeifunga."

"Tumeifunga. Ulitaka ufunge wewe?"

"Oya, hapana. Nimekuja kwa neno moja. Mwambie mzee wako asiizime ikiwa ya moto. Kile kigurudumu cha ndani kinazunguka mno, na kinalala juu ya oili. Ukizima injini, oili inakatika, chenyewe bado kinazunguka kikavu. Akisimama, aiache ingurume taratibu. Asali Baba Yetu mara mbili, bila haraka, ndipo azime. Na ile ya kuzima mteremkoni aiache kabisa."

Unajua madereva wote wa huku walivyo. Wakifika juu ya kilima wanavuta waya wa kuzima, wanaliachia gari liteleze kimya mpaka bondeni ili dizeli ibaki tangini, halafu wanalishtua kwa gia. Hata leo wanafanya. Vilima vyetu vimewafundisha hivyo, na wanaona ni akili nyingi. Baba yako alifanya hivyo miaka yote, na Landirova haikuwahi kulalamika. Lakini chuma kile kipya hakikuzaliwa kwenye vilima hivi. Unapanda kwa nguvu zote mpaka kinawaka, unafika kileleni, unazima. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kuzima.

Mzee aliponiambia hayo, nilimjibu hivi. Naandika neno kwa neno, maana sijalisahau: "Mzee, mwenye viatu vya waya atatufundisha sala za gari?"

Akatabasamu. Akavaa kofia. "Ego, mama," akasema, yaani ndiyo, akaondoka. Na mimi jioni ile baba yako alipoingia nikamwambia kuna ukindu wa kununua sokoni, nikamwambia Yusta amekohoa, nikamwambia kila kitu. Lile sikumwambia. Si kwamba nilisahau. Niliona haya kubeba neno lililotoka kwenye kandambili zile.

Majuma mawili tulikuwa wafalme. Tulilipita lile lori la mahindi, tambarare bila shaka, na nikamsalimu yule utingo kwa leso. Ni aibu hata kukuandikia furaha niliyoipata kwa jambo dogo vile. Turbo ilipiga mluzi mzuri. Halafu mluzi ukageuka kuwa mkwaruzo. Moshi ukaanza kuwa wa buluu. Baba yako akampelekea Profesa, Profesa akasikiliza akiwa amevaa miwani, akasema, "Inajizoesha."

Siku ya soko tulikuwa tunatoka Kasulu, watu kumi na mmoja, Yusta mchanga mgongoni kwangu. Kileleni baba yako akavuta waya azime, kama siku zote.

Injini haikuzima.

Akavuta tena. Badala ya kunyamaza ikaongeza sauti, ikaongeza, mpaka gari zima likatetemeka na nyuma kukawa wingu jeupe huoni mtu. Ile turbo ilikuwa imekatika ndani, inamwaga oili kwenye njia ya hewa, na injini ilikuwa inaunguza oili yake yenyewe badala ya dizeli. Waya wa kuzima unakata dizeli. Haikuwa ikiitaka dizeli tena. Watu wakaruka, mwanamke mmoja wa Munanila akaruka na kuku wake na kuita watakatifu wote. Baba yako hakuruka. Aliliegesha kwenye ukingo wa udongo, akahakikisha kila mtu ametoka, akafungua boneti, na kelele ile ilikuwa kama mnyama anachunwa hai. Akanipigia kelele, "Kitenge! Nipe kitenge!"

Nikamfungua Yusta mgongoni, nikampa. Akakisokota, akakishindilia kwenye mdomo wa bomba la hewa kwa mikono yote miwili, injini ikikivuta na yeye akikishindilia. Makovu yale kwenye viganja vyake unayoyaona kila siku, uliwahi kuuliza? Injini ikakosa hewa, ikakohoa, kitu kikavunjika ndani kwa mshindo, pakawa kimya. Hakuna aliyeumia ila yeye. Kwa hiyo huyo ndiye mshamba wako.

Tulivutwa mpaka kwa Profesa. Watu walijaa. Profesa akafungua, akatoa kile kigurudumu na mti wake wa chuma, umebadilika rangi kwa moto, akauinua juu kila mtu auone.

"Ulikuwa unazima mteremkoni?"

"Ndiyo," baba yako akasema.

"Turbo unaizima ikiwa moto? Huo ni ushamba, kaka! Ushamba mtupu! Chombo cha kisasa kimeangukia mikono ya kijijini!"

Watu wakacheka. Alijua, Eliya. Alijua siku ile ile alipokuwa anatuuzia, maana lilimtoka mdomoni haraka mno. Hakusema mapema kwa sababu mteja akisikia chuma kina masharti anaweza kubadili mawazo. Mtu wa aina hiyo namdharau, na sitafuti neno laini zaidi. Anayekuuzia moto halafu anakucheka umeungua.

Baba yako akasema neno moja tu, "Sikujua."

Na mimi niliyejua nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, mtoto mkononi kwa kuwa kitenge kilishaungua. Ningesema, "Niliambiwa mimi." Maneno matatu tu? Mawili. Sikuyasema. Nilitazama ovaroli safi na nilitazama watu, nikaona ni heri achekwe mume wangu kuliko nichekwe mimi. Profesa nimemdharau miaka mitano, lakini kati ya waliokuwa pale, yeye hakuwa mbaya kuliko wote.

Leo mchana, wewe ukiwa umekwenda kuaga marafiki, nilimwambia baba yako. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli yake ya ndizi. Nilimweleza yote, Mzee, kofia, viatu vya waya. Akaendelea kusugua tairi. Mwishowe akauliza:

"Alisema Baba Yetu ngapi?"

"Mbili."

"Mbili!" Akatikisa kichwa. "Kwa dizeli ilivyokuwa ghali, mimi nisingesali hata moja."

Akacheka peke yake, akapaka gundi. Halafu akaacha kucheka, akasema bila kunitazama, "Lakini ungeniambia." Basi. Nikamwambia nitakuandikia wewe. Akasema, "Mwandikie. Nikimwambia mimi ataona najitetea."

Sasa kesho unakwenda kwa huyo Profesa kujifunza ufundi. Ulimchagua mwenyewe, kwa sababu ana gereji kubwa kule Kasulu na redio na vijana wanaomwita bosi. Sikukatazi. Mimi nilimchagua nikiwa na miaka ishirini na tisa, nitakukatazaje wewe wa kumi na saba?

Lakini chini ya shati lako jeupe, ndani ya gazeti, nimekufungia kitu. Ni kile kigurudumu na mti wake. Baba yako alikiokota kwenye takataka za gereji siku ile, kimekaa miaka yote juu ya dari. Ukifika kwa Profesa, kabla hujapewa ovaroli, kiweke mezani kwake. Mwambie, "Baba ameniagiza nikuulize, hiki kilikufa kwa nini?" Halafu nyamaza. Usimsaidie.

Akisema, "Kilizimwa kikiwa cha moto, na mimi sikumwambia," kaa kwake. Ana kitu cha kukufundisha, nami nitakuja kumwomba radhi kwa barua hii. Akianza kucheka na kuwaita vijana wake waje wasikie habari za ushamba, funga gazeti lako vizuri, uage kwa adabu. Magari ya Munanila yanaondoka sokoni saa nane. Mzee Baltazari sasa yuko gereji ya misheni huko. Wiki iliyopita nilipowaambia nakwenda kliniki nilikwenda kwake. Nilipiga magoti, akaninyanyua kama nimejikwaa tu. Nikamwuliza kama anaweza kupokea kijana. Akasema, "Mlete. Ila asije na viatu vizuri, kuna oili."

Uamuzi ni wako. Mimi ninachotaka ujue ni nani unayemdharau, na kwa ushahidi wa nani.

Maharage yameiva. Kesho alfajiri baba yako ndiye atakayekufungia begi kwenye baiskeli yake mpaka kituoni. Njia ni ile ya kilima. Atapanda polepole, halafu atashuka na kusukuma, na watu wa benchi wanaamka mapema, watasema neno lao. Usitembee mbele yake kama humjui. Shika nyuma ya begi, usukume.

Mama yako,
niliyeambiwa.